Kichanga wa wiki 5 analia kila jioni: nimpeleke kairopraktiki?

MamaKichanga
Habari zenu wakuu. Mtoto wa kiume, wiki 5, ananyonya maziwa yangu tu. Alizaliwa na kilo 3.2, juzi amepimwa ana 4.2. Mchana hana neno, ila ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kulia hadi saa tatu usiku: uso unamwiva, miguu anaikunja tumboni, anajamba. Akilala, kichwa anakigeuzia kulia tu. Huku Melbourne kliniki moja ya kairopraktiki (wale wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono) inasema pingili ya shingo ilihama wakati wa kuzaliwa, anyooshwe mara 6. Mama mkwe huko Tanga anasema ni chango, anataka kunitumia dawa ya kuchemsha. Nifuate lipi?

NesiWaWatoto
Hongera kwa kujifungua dada, na pole kwa jioni hizo. Tuanze na uzito. Gramu 1,000 kwa siku 35 ni kama gramu 28 kwa siku. Kichanga anayeongeza hivyo anashiba, na maziwa yanakaa tumboni.

Kilio cha namna hii huanza kupanda wiki ya 2, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hushuka. Wengi hutulia wakifika miezi 3 au 4. Hicho ndicho madaktari wanakiita koliki. Gesi isikutishe: mtoto anayelia anameza hewa, kwa hiyo kujamba mara nyingi ni matokeo ya kilio.

Sasa zipigie hesabu hizo mara 6. Ukienda mara 2 kwa wiki unamaliza wiki ya 8, wakati kilio kinashuka chenyewe, na sifa anapewa aliyemshika mwisho. Ndiyo maana Norway walilinganisha, matokeo yakatoka 2001: vichanga 86, wengine wakashughulikiwa uti wa mgongo na mtaalamu wa kairopraktiki, wengine wakapakatwa tu na nesi kwa dakika 10, wazazi wasijue nani kapata nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, tofauti ya maana haikuwepo. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 6 zenye watoto 325. Nyingi zilionyesha kilio kimepungua, lakini wazazi walioandika saa za kilio walijua kama mtoto ametibiwa. Zikibaki zile ambazo wazazi hawakujua, faida haionekani tena kwa uhakika.

FizioPwani
Niongezee kuhusu shingo. Pingili ya kichanga bado ni vipande vya mfupa vilivyoungwa kwa gegedu, kano za shingo ni laini, na kichwa peke yake ni karibu robo ya urefu wa mwili. Pingili ikihama kweli, hiyo ni dharura ya hospitali, si kazi ya kunyooshwa kwenye kliniki ya mtaani. Huko huko Australia, Machi 2019, baada ya video ya kichanga wa wiki 2 kuzua hasira, bodi inayosimamia wataalamu wa kairopraktiki iliwaambia wasifanye minyoosho ya uti wa mgongo kwa watoto chini ya miaka 2. Mwishoni mwa 2023 wakalegeza, na katikati ya 2024 wakarudisha baada ya mawaziri wa afya kuja juu. Muulize huyo wa kliniki anafuata agizo lipi.

Lakini kichwa kuelekea upande mmoja usikipuuze, na ni jambo tofauti na kilio. Mlaze chali akiwa macho na ameshiba. Weka uso wako sentimita 25 kutoka wake, msemeshe, kisha sogea polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Kidevu kinafika usawa wa bega pande zote mbili? Halafu papasa taratibu msuli unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga, uone kama kuna uvimbe mgumu mfano wa kokwa ya tende. Usimgeuze kwa nguvu.

MkungaMkongwe
Hiyo dawa usimpe, mwanangu. Haina kipimo, na tumbo la wiki 5 ni la maziwa ya mama tu. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa. Asali nayo ni marufuku hadi afikishe mwaka. Mkweo usimjibu vibaya, nia yake ni njema. Mwambie utamkanda mtoto kwa mafuta: kiganja juu ya tumbo, mduara unaofuata mshale wa saa, nusu saa baada ya kunyonya. Shingo, utosi na kumning'iniza miguu, hapana.

Jioni usingoje alie. Saa kumi na nusu punguza mwanga na kelele, mnyonyeshe. Ukisikia mlio wa ulimi, tk, tk, hajashika titi vizuri, anavuta hewa. Mtoe kwa kuingiza kidole pembeni ya mdomo, umrudishe mdomo ukiwa wazi kabisa, kidevu kikigusa titi, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Titi aliachie mwenyewe. Mcheulishe, kisha mbebe wima kifuani huku unatembea, uso wake uuone na kidevu chake kisibanwe.

Ukihisi umefika mwisho, mlaze chali kitandani pake, funga mlango, kaa nje dakika 10. Kulia hakutamuua. Kutikiswa kunapasua mishipa ya ubongo.

NesiWaWatoto
Kabla hujasema ni koliki, mvue nguo zote mara moja. Angalia vidole vya miguu na uume, unywele huweza kujizungusha ukakaza mpaka kidole kikavimba. Angalia na kinena kama kuna ngiri. Joto la 38 au zaidi kwa umri huu ni hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo matapishi ya kijani, kutapika kwa kuruka mbali kila anyonyapo, damu kwenye choo, utosi kuvimba, au mtoto kulegea na kukataa titi.

MamaKichanga
Asanteni sana. Nimemvua, hana unywele wala ngiri. Uvimbe shingoni siuoni, ila kushoto anaishia katikati, hafiki begani.

FizioPwani
Basi kesho mwambie nesi wako wa kliniki, umweleze hivyo hivyo, akupe rufaa ya fiziotherapia ya watoto. Wakianza kabla ya miezi 3, wengi hunyooka kwa mazoezi tu. Kwa sasa geuza kitanda ili mwanga na sauti yako vitoke kushoto kwake. Akiwa macho mlaze kifudifudi kifuani kwako dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku. Kulala ni chali, daima.