Jibu: Ndugu wanataka kutumia jina la mgahawa wetu Dubai na Toronto, tuanzie wapi?

Ndugu wanajumuiya,

Assalamu alaykum na salamu kwenu nyote. Nimeisoma barua ya dada yetu kuhusu binamu zake wawili, mmoja wa Dubai na mwingine wa Toronto, wanaotaka kufungua migahawa ya mishkaki kwa jina na mapishi ya ule alioujenga hapa Uingereza. Waliotangulia kumjibu wamezungumzia kodi za majengo na vibali vya afya, na wamesema vizuri. Kwa maoni yangu, lipo jambo linalopaswa kutangulia hayo yote. Kile ambacho binamu hao watamlipia mrabaha ni jina, mapishi na utaratibu wa kazi, na iwapo vitu hivyo havina mwenyewe kisheria katika nchi wanakoishi, dada yetu hana cha kuwakodisha.

Usajili wa alama ya biashara unakomea kwenye mipaka ya nchi ilikosajiliwa. Burger King walilipata hilo Australia. Mwaka 1971, mwekezaji wao Jack Cowin alipofungua mgahawa wa kwanza huko Perth, jina la Burger King lilikuwa limekwisha kusajiliwa na duka dogo la vyakula la Adelaide. Ilibidi achague jina jingine kutoka katika orodha ya majina yaliyomilikiwa na Pillsbury, kampuni mama ya Burger King wakati huo, ndipo likazaliwa Hungry Jack's. Katika miaka ya 1990 kizuizi cha jina kilipoondoka, Burger King wakaanza kufungua migahawa yao wenyewe kwa jina lao, wakaishia kushtakiana na Cowin. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya New South Wales ikampa Cowin ushindi na fidia ya zaidi ya dola milioni 40 za Australia. Hadi leo Waaustralia wanakula Hungry Jack's. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho ilikwama kwa sababu ya kibanda cha mji mmoja, mwenye mgahawa mmoja hana budi kutangulia kusajili kabla hajamtumia mtu yeyote hata picha ya kibao chake.

Njia ipo, wala haihitaji wakili katika kila nchi tangu mwanzo. Ukisajili hapa Uingereza, unaweza kupitia Mfumo wa Madrid unaosimamiwa na WIPO, shirika la kimataifa la haki za ubunifu lililoko Geneva, ukajaza ombi moja na kutaja nchi unazozitaka; Falme za Kiarabu, Kanada, Oman, Marekani na Kenya zote zimo. Ukiwasilisha ombi hilo ndani ya miezi 6 tangu ombi lako la kwanza, nchi hizo zitakuhesabu kana kwamba uliomba siku ile ile ya kwanza. Kumbuka tu kwamba kwa miaka 5 ya mwanzo usajili wa nje unautegemea ule wa nyumbani, na ule wa nyumbani ukibatilishwa, wa nje nao huanguka. Jina husajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma, basi yachague kwa kutazama mbele: kundi la 43 ni la huduma za mgahawa, la 30 linabeba sosi na viungo. Nando's, walioanzia Johannesburg mwaka 1987, leo wanauza chupa za sosi madukani kwa jina lile lile la migahawa yao, na biashara ya namna hiyo inahitaji jina lilindwe pande zote mbili.

Kosa ninaloliona sana katika jumuiya zetu ni kumwachia ndugu wa ng'ambo asajili jina kwa jina lake yeye, kwa kuwa yuko karibu na ofisi na anajua lugha. Namfahamu mwenzetu mmoja aliyefanya hivyo huko Ghuba. Walipokosana juu ya hesabu, mgahawa ukaendelea na kibao kile kile, naye akabaki mtazamaji. Undugu hauvunjwi na karatasi. Jina lisajiliwe kwa kampuni ya dada, na binamu apewe leseni yenye masharti: viwango vya chakula, haki ya kukagua, na wajibu wa kushusha kibao siku mkataba utakapokwisha. Kurasa za mitandao ya kijamii na anwani ya tovuti navyo viwe mikononi mwa dada.

Mapishi yana ulinzi wa aina nyingine. Orodha ya viungo peke yake kwa kawaida hailindwi na hakimiliki, na ukiitangaza umeigawa. Huwa siri ya biashara pale tu unapoitunza kama siri. KFC hugawa utengenezaji wa mchanganyiko wao kwa watayarishaji tofauti ili asiwepo anayeujua wote. Dada anaweza kuchanganya viungo vya mishkaki na unga wa ukwaju katika jiko lake, akavifunga katika pakiti za kipimo kimoja na kuzisafirisha. Mpishi wa Toronto ataongeza mafuta, kitunguu saumu na nyama, bila kupewa vipimo. Mwongozo wa maandishi, wenye picha na maelekezo ya jikoni, hakimiliki inaulinda.

Kwa upande wa Toronto, sheria ya mwaka 2000 ya Ontario, jimbo la mji huo, kuhusu kukodisha jina la biashara inamtaka mwenye jina ampe anayelikodi hati ya maelezo kamili angalau siku 14 kabla ya saini au malipo. Asipoitoa kabisa, aliyelikodi anaweza kuuvunja mkataba ndani ya miaka 2. Sheria hii haitazami undugu.

Wasalaam.

—

Nyongeza fupi kutoka kwangu niliyeko Muscat:

Nakubaliana na mwenzangu. Kwa kuwa dada aliandika pia kwamba anatamani baadaye kufungua Dar es Salaam na Unguja, ajue kuwa Bara na Zanzibar zina daftari mbili za alama za biashara: wakala wa usajili BRELA kwa Bara, na BPRA kwa Zanzibar. Usajili wa upande mmoja hauvuki bahari. Aombe kote kuwili kwa wakati mmoja, hata kama mgahawa wa Unguja utachelewa, ila asikae miaka mingi bila kulitumia jina, kwani alama isiyotumika inaweza kuombewa kufutwa.