Naombeni ushauri: nikijirekodi Kiingereza, R na L zinagongana. Nina siku 12 tu

Mwana Isaka:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni. Kiingereza nakielewa na kuandika naandika vizuri. Shida ni kutamka. Juzi nilijirekodi kwa simu nikisoma ukurasa mmoja, niliposikiliza nikazima kabla dakika haijaisha. Panapotakiwa "r" inatoka "l". "Rice" inakuwa "lice", yaani wali umegeuka chawa. Nina siku 12. Je, kujirekodi kunasaidia kweli au najitesa bure? Nirekodi nini, na nani anisikilize? Natanguliza shukrani.

Babu Tarishi:
Kijana, Wachina wanajenga reli hapo kwenu kwenda Mwanza na wengi wao Kiingereza hawakijui. Lugha ya mkoloni isikunyime usingizi. Mimi nimekaa dirisha la posta miaka 31, wageni nimewahudumia kwa Kiingereza changu hiki hiki cha Tabora na hakuna aliyeondoka bila stempu yake.

Bint Tanga:
Shikamoo babu. Ila kijana kauliza kutamka, ukoloni hajauuliza.

Mwana Isaka, kuchukia sauti yako mwenyewe ni jambo la kawaida. Ukizungumza unajisikia kwa masikio na pia kupitia mifupa ya kichwa, ndiyo maana unajiona una sauti nzito. Simu inakupa ile wanayoisikia wenzako. Vumilia siku tatu nne utaizoea.

Usirekodi ukurasa mzima, utachoka na hutajua ukosoe wapi. Chukua maneno kumi, mawili mawili: "rice" na "lice", "road" na "load", "right" na "light". Kabla ya simu, shika kioo. Ukisema "l", ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu. Ukisema "r" ya Kiingereza, ncha haigusi kitu kabisa, inaning'inia. Ni pande za ulimi ndizo zinazogusa magego ya juu, na midomo inajikusanya kidogo kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Hii "r" yetu ya "rudi" inagonga ufizi, na kwa aliyekulia lugha isiyotenganisha hizo mbili, ikigonga kidogo tu imeshakuwa "l". Ulimi ukikaa sawa ndipo urekodi.

Nesi wa Zamu:
Kujirekodi kumenisaidia mimi nilipofanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Kwa wauguzi wa Uingereza unatakiwa upate 7 kwenye kuzungumza. Unakaa na mtahini dakika 11 hadi 14, na matamshi ni kipengele kimoja kati ya vinne. Mara ya kwanza nilipata 6.5, nikalia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli.

Mimi R na L hazikunisumbua, kilichonimaliza ni mkazo. Kiswahili kinauweka silabi ya pili kutoka mwisho, basi "hospital" nikawa naikazia katikati wakati wenyewe wanakazia mwanzo. Neno la kazini kwangu miaka sita! Sikujua mpaka nilipojisikiliza. Siku 12 ni za mtihani?

Mwana Isaka:
Asante dada. Si mtihani, ni jambo la kazi. Nisingependa kuingia ndani zaidi.

Kaka wa Pangani:
Mkuu, humu tunakutibu bila kukupima. Kazi gani?

Mwana Isaka:
Sawa. Ni mwalimu. Nafundisha Kiingereza darasa la tatu, shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Wazazi wamelalamika, na mwalimu mkuu ameamua nifundishe somo moja mbele yao siku ya wazazi.

Ila nimeshajipanga. Kuna mtu mtandaoni ameniahidi lafudhi ya Uingereza kwa siku kumi, shilingi 180,000, nimeshampa nusu kutoka kwenye kikoba. Na somo la siku hiyo nimeliandaa lisiwe na neno lenye "r" hata moja. Nimefika ukurasa wa pili wa orodha. Msinishauri niache, nimefikiria sana.

Mama Pendo:
Mwalimu, nisamehe, mimi ni mzazi. Nauza maandazi alfajiri nilipe ada, halafu mwalimu wa Kiingereza anakimbia herufi?

Bint Tanga:
Somo bila "r" utawaambiaje watoto "read" na "write"? Utawaambiaje "very good"? Na mtoto akikuuliza jambo lenye "r" utamjibu nini mbele ya mama yake? Hiyo nusu iliyobaki usiitoe. Lafudhi haibadiliki kwa siku kumi, na hakuna anayekudai lafudhi. Wanachokudai ni kwamba "road" isisikike "load". Hilo kwa siku 12 linaweza kusogea.

Mchunguzi77:
Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi akiuliza bei ya belo la viatu vya mtumba. Leo amekuwa mwalimu. Na mwalimu gani wa Kiingereza asiyeweza kusema "rice"? Anawachezea.

Kaka wa Pangani:
Nimeukumbuka huo uzi. Mkuu jitetee.

Nesi wa Zamu:
Mwalimu hauzi viatu? Mimi nauza vitenge wodini. Mshahara ukichelewa mtoto hasubiri kula.

Babu Tarishi:
Sisi tulikuwa tunafuga kuku uani kwa posta. Bosi alijua.

Mwana Isaka:
Viatu nauza Jumamosi, ni kweli. Mnaotaka kuamini mwamini.

Nilichokuwa naficha si viatu. Mwezi uliopita nilitoa imla. Nilisoma sentensi kumi, watoto wakaandika. Usiku nikakaa kusahihisha, watoto 11 kati ya 34 wameandika "lain" badala ya "rain". Nikachukua kalamu nyekundu, nikamkata wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufika wa nne mkono ukagoma. Hawakukosea wale watoto. Waliandika nilichosema. Mdomo wangu ulikuwa umelala kwenye daftari zao, na nilishawakata watatu. Mzazi mmoja aliona daftari, ndiyo chanzo cha yote. Kwa hiyo nikisema nakimbia "r", naikimbia kwa ajili yao.

Mama Pendo:
Mwalimu, lile neno langu nalifuta.

Bint Tanga:
Wale watatu warudishie alama zao kesho asubuhi.

Kisha fanya imla hiyo hiyo kwako. Tamka maneno kumi, rekodi, mpe mtu ambaye hajaona orodha aandike anachosikia. Asiyejua ulichokusudia ndiye msikilizaji wa kweli. Mwenye orodha masikio yake yanakuhurumia. Ukikosa mtu, washa kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya simu, uweke Kiingereza, useme neno moja moja. Usiseme sentensi nzima, maana simu ikisikia "I eat" itakisia "rice" yenyewe na wewe utajidanganya umefaulu.

Mchunguzi77:
Basi aweke sauti hapa tusikie. Asipoweka, jibu tunalo.

Mwana Isaka:
Nimeweka hapo chini, sekunde 40. Orodha nimemtumia Bint Tanga peke yake. Samahani kwa kelele, ni feni.

Mama Pendo:
Nimemwita Pendo, yuko darasa la nne, sijamwambia kitu. Kaandika: rain, lead, road, light, rice, glass, red, play, right, fly.

Bint Tanga:
Orodha yake: rain, read, road, light, rice, grass, red, pray, right, fry. Sita sawa, nne zimekosewa. Ziangalie hizo nne. "Read" imeponyoka tu, maana "red" na "rain" umezipata. Tatu zote zilizobaki "r" imekaa nyuma ya konsonanti nyingine: gr, pr, fr. Ikianza neno unaipata, ikibanwa inateleza. Anza na "g-rass" ukiitenganisha, polepole, halafu uisogeze mpaka ishikane. Hizo tatu tu, mpaka kesho jioni.

Mchunguzi77:
Sauti inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Mwana Isaka:
Mama Pendo, mwambie Pendo asante, na kesho jioni asilale mapema. Yule wa mtandaoni bado sijaamua. Nimezima feni, naanza na "grass".