Mrejesho: Binti wa PCB kutoka Wete, vyuo na mkopo

Asalaam alaykum. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka niliuliza hapa: binti yangu kasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), anataka udaktari tu, aombe chuo kimoja au vingi? Na cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe wapi kwa ajili ya mkopo wa masomo?

Ahsanteni sana. Ushauri uliotufaa zaidi ni wa cheti. Kwa aliyezaliwa Zanzibar uhakiki ni kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, si RITA, wakala wa usajili wa Bara. Tukamaliza mapema, wenzake bado wanahangaika.

Vyuo aliomba kadhaa kama mlivyosema. Udaktari hakupata, awamu zote. Alilia, na mimi nusura. Lakini kapata uuguzi Bara na sayansi na ualimu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Babake alitaka aende SUZA, akae Unguja karibu na shangazi zake; mwenyewe kashikilia uuguzi, tukamuachia.

Anayepata zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kabla ya muda kwisha, kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Basi mtoto ajaze namba yake mwenyewe, si ya mjomba aliyeko baharini wiki nzima!

Mkopo bado. Majina ya mwanzo yametoka, hayumo, tunangoja awamu nyingine. Ada ya kuanzia imetoka kwenye karafuu za babu yake, na keshasajiliwa.