AD9850, Si5351 au taima ya maikrokontrola: ipi inatoa frikwensi sahihi?

kapasita_mbovu: Wakuu naombeni ushauri, nataka kujiundia jenereta ya signali ya kupimia redio, mwisho 10 MHz hivi. Chipu ya AD9850 naona hatua yake ya frikwensi ni 0.0291 Hz tu, si ndo sahihi kuliko zote? Kuna jamaa ananiambia tumia tu taima ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja).

Mzee wa Solda: Kijana unachanganya vitu viwili. Hiyo 0.0291 ni saa yake ya 125 MHz ukigawa kwa 2 kipeo cha 32, yaani unaweza kusogea kidogo kidogo hivyo, ila uko wapi hasa anajua kristali (kijiwe kinachoipa chipu mapigo ya saa). Kristali ya 50 ppm (kosa la sehemu 50 kwa milioni) kwenye 10 MHz inaweza kukupeleka pembeni Hz 500! Yangu niliiambia itoe 10 MHz kamili, kaunta ya frikwensi inayofuata saa ya GPS ikasoma 10,000,127, nikagusa kopo la kristali kwa kidole, tarakimu za mwisho zikaanza kutembea zenyewe.

binti_mawimbi: Taima sahau kwa frikwensi za juu, inagawa kwa namba nzima tu. Saa ya 16 MHz ukitaka 440 Hz unagawa kwa 36364 unapata 439.996, safi. Ukitaka 3 MHz sasa: gawa kwa 5 ni 3.2, kwa 6 ni 2.67, katikati hamna kitu. Chipu ya Si5351 inagawa mpaka sehemu za namba so haina shida hiyo, ila inatoa wimbi la mraba, utahitaji filta ya kulilainisha. Mimi ningechukua hiyo.

floti_zangu: Na wanaotengeneza kwa programu nao wasijione, mi nilikuwa naandika sin(2πft) huku t, yaani muda, ni floti (namba ya desimali) ya biti 32, dakika za kwanza toni tamu, baada ya saa nzima ni mikwaruzo mitupu. Kumbe t ikifika sekunde 3600 floti inaruka kwa hatua za sekunde 0.000244, wakati sampuli za 48 kHz zinapishana 0.0000208, kwa hiyo sampuli kama 12 zinapewa t ileile 😂 Nikahamia kihesabio cha fezi (wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake) cha intija, yaani namba nzima, biti 32, kikijaa kinajirudia chenyewe, sijasikia mkwaruzo tena.

kapasita_mbovu: Aisee. Sasa mzee, hizo 127 uliziondoaje?

Mzee wa Solda: Kwenye kodi ya programu, pale palipoandikwa 125000000 niliweka 125001588. Basi. Inarudi kuhama kukiwa na joto, ukichoka nalo weka TCXO (kristali inayojirekebisha joto likibadilika).

kapasita_mbovu: Kaunta yangu nayo ina kristali ya kawaida tu...

binti_mawimbi: Hapo unamuuliza mwongo kuhusu mwongo mwenzie. Kama redio yako inaipata WWV (kituo cha Marekani kinachorusha frikwensi sahihi) kwenye 10 MHz, weka waya wa jenereta karibu na antena usikilize mpigo, ukipanda na kushuka mara moja kwa sekunde umekosea Hz 1. Usihangaike kushuka chini ya hapo, anga lenyewe linasogeza kidogo.