Naomba ushauri: redio ya jeshi ya zamani, niiweke kwenye jeep

Mwana_Katuba: Jambo wakuu, niko Lubumbashi. Nimepata redio ya jeshi ya zamani, rangi ya kijani imebanduka. Usoni kuna Kiingereza na Kirusi. Ni ya Warusi? Niisafishe na nini, niipe betri gani? Ni ya kupamba jeep tu. Sipati usingizi.

Fundi_Valvu: Si ya Warusi. Ni Wireless Set No. 19, redio ya vifaru vya Waingereza, Vita vya Pili. Nyingi zilizotengenezwa Kanada ziliandikwa lugha mbili kwa sababu nyingine zilipelekewa Wasovieti. Angalia kama kuna upande A (megahezi 2 hadi 8) na B wa kuongea na walio karibu tu. Usikwangue rangi, brashi laini inatosha. Jeep gani?

Mwana_Katuba: A na B ziko. Jeep ni jeep tu.

Mama_Dorcas: Mume wangu alianza na redio moja hivyohivyo. Leo wageni wanakaa barazani, sebule imejaa vyuma.

Fundi_Valvu: Volti, kijana! Jeep ya Willys ya vita ni volti 6, redio hiyo inataka 12, na kasha lake la umeme hutoa kama volti 500. Kapasita za karatasi za tangu vita ukiziwashia ghafla zitakufa, na wewe waweza kuzifuata.

Mwana_Katuba: Haya. Ni Willys, volti 6, mali ya mjomba. Tunaikodisha kwa harusi. Bwana harusi wa Jumamosi ameshalipa avansi, anataka redio iseme na antena isimame.

Kaka_Kamalondo: Eeh! Jeep ya kijani, antena juu, mnapita mbele ya kambi? Bibi harusi atalala polisi na gauni lake.

Mwana_Katuba: Antena tutaifunga maua. Na watu wa rulaje, polisi wa barabarani, wananijua.

Mtu_wa_Pwani: Redio ya Waingereza, maandishi ya Kirusi, iko Katanga, picha hakuna. Wakuu, tunatungiwa hadithi.

Mwana_Katuba: Aliyeniuzia anasema imetoka Zambia, imepitia mpakani Kasumbalesa. Kamera ya simu imepasuka.

Mtu_wa_Pwani: Andika basi neno moja la Kirusi lililoko hapo.

Mwana_Katuba: Simu haina herufi hizo. Kuna moja kama R iliyogeuzwa.

Mtu_wa_Pwani: Hiyo hata kwenye fulana za mitumba ipo.

Fundi_Valvu: Awe mkweli au mwongo, jibu ni lilelile. Usiiunganishe na umeme kabisa. Ficha spika ndogo nyuma yake, icheze sauti za kurekodi. Antena ilazwe.

Mwana_Katuba: Spika ninayo. Ila antena kulazwa, bwana harusi hatakubali.