Kikohozi cha kiangazi Lubumbashi: ni mkamba au kitu kingine?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nimehamia Lubumbashi mwezi wa tano kutoka Dar es Salaam. Nilishikwa na mafua, yakaisha, kikohozi kikabaki. Leo siku ya tisa. Makohozi yamegeuka manjano, kifua kinabana, usiku sipati usingizi. Jirani anasema ninunue amoksisilini. Na mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu ameanza kukohoa jana. Nifanyeje?

——

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kiangazi changu cha kwanza hapa kilinipokea hivyohivyo. Sisi wa Pwani tunadhani Kongo yote ni joto, kumbe Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Juni na Julai usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, barabara ni vumbi tupu, na kila ua una babula ya makala, yaani jiko la mkaa.

Mimi nilikimbilia duka la dawa. Sikupimwa wala sikuulizwa lolote, nikauziwa antibiotiki. Nilimeza zote, kikohozi hakikusikia. Nikilala chali nasikia kifuani kama filimbi ndogo kila nikitoa pumzi. Daktari aliponisikiliza mgongoni akaandika bronchite, ndiyo ule mkamba bibi zetu walioujua: njia za hewa zinazoingia mapafuni zimevimba na kujaa ute. Mara nyingi huletwa na virusi, ndiyo maana antibiotiki haisaidii. Na rangi ya manjano au kijani peke yake si ushahidi wa bakteria, hilo wengi hatulijui. Kikohozi chenyewe kinaweza kuchukua hadi wiki tatu hata kama mwili umeshapata nafuu.

Kunywa vitu vya moto, pumzika, lala umeinua kichwa. Asali husaidia koo, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa.

Sasa mtoto, hapo ndipo roho yangu ilipo. Akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, shika simu, hesabu pumzi dakika nzima. Tumbo likipanda ni moja. Kwa umri wake, zikifika 40 au zaidi, au chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anakataa kunyonya na kunywa, huo unaweza kuwa nimonia. Usingoje kuche. Akiwa na homa apimwe na malaria pia, huku malaria haina likizo.

Wewe mwenyewe nenda haraka ukikohoa damu, ukikosa pumzi umekaa tu, kifua kikichoma unapovuta hewa, au homa ikipanda na kung'ang'ania.

Na hiyo babula, dada, usiilaze ndani hata kama baridi inauma. Moshi wake unachokoza kifua, na ile hewa ya makala yaliyokwisha kuwaka huua watu usingizini bila harufu.

——

Naongezea kwa kaka hapo juu. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, dada, omba kupimwa makohozi hata kama umeambiwa ni mkamba. Mume wangu alitibiwa "bronshiti" miezi miwili huku anatoka jasho la usiku na suruali zinamvuka. Kilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita akapona, lakini ile miezi miwili tulilala chumba kimoja na watoto, na wote ilibidi wapimwe. Usione haya kuuliza. Kwa Kifaransa makohozi ni crachats, ukilitaja hilo wanakuelewa mara moja.

——

Asanteni sana. Nimemhesabu mara mbili akiwa amelala: 31, halafu 32. Mbavu hazibonyei, amenyonya vizuri. Babula nimeitoa barazani. Amoksisilini sijanunua. Siku ya kumi na nne itaangukia Jumatano, nimeshamwomba jirani anishikie mtoto asubuhi hiyo niende kupima.