Kampasi ya Lindi: tujenge chumba cha majani makavu, au picha za simu zinatosha?

Mkazi wa Ng'apa: Ndugu zangu wa kusini, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inakuja kwetu Lindi. Nasikia walimu wakitamani hebaria, yaani chumba cha mimea iliyobanwa ikakaushwa. Mimi napinga. Kinataka kabati, umeme na mtu wa kulipwa kila mwezi. Piga picha, weka kwenye kompyuta, yaishe. Chuo cha Duke kule Marekani kilitangaza mwaka 2024 kuifunga hebaria yake yenye sampuli zaidi ya laki nane. Tajiri anafunga, maskini afungue? Tena unyevu wa pwani utayaozesha yote. Hata mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi akapelekwa Berlin, angebaki huku leo angekuwa chokaa.

Mwalimu wa Baiolojia, Masasi: Duke walipotangaza hivyo wanasayansi wengi walikuja juu, mbona hilo umelificha? Na picha huwezi kuipasua tunda ukahesabu mbegu.

Mjukuu wa Tendaguru: Chokaa?! Rudia hilo neno, kaka. Mifupa ile ilichimbwa 1909 hadi 1913, ikabebwa na wazee wetu mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Babu mzaa babu yangu alikuwa mmoja wao. Leo unatuambia hatujui kutunza?

Mkazi wa Ng'apa: Sijamtukana babu yako. Nimesema habari ya unyevu.

Mjukuu wa Tendaguru: Umesema chokaa.

Dada wa Nachingwea: Tena ni tani mia mbili na ushee, hazikupelekwa kilo mbili. Mjusi arudi kwanza, ndipo tuzungumze majani.

Mzee wa Mingoyo: Akirudi mtamweka wapi? Ana urefu wa mita kumi na tatu kwenda juu. Mkipata jengo la kumsimamisha, nipeni taarifa.

Dada wa Nachingwea: Mzee wangu, shikamoo, lakini jengo hujengwa. Tusianze kwa kukata tamaa.

Mrondo: Kama kuna anayedhani Ujerumani ndiko kwenye usalama, asikilize. Miaka ya 1930 Mjerumani mmoja, Schlieben, alikusanya mimea Ziwa Lutamba na huku kwetu Rondo. Hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943. Kilichookoa kazi za wakusanyaji ni nakala, yaani vipande vya mmea uleule, walizogawa nchi nyingine. Kuna mti wa maua mekundu, Erythrina schliebenii, ulioandikwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakauona tena wilayani Kilwa mwaka 2011. Bila zile karatasi za zamani zenye mimea iliyobanwa wangeulinganisha na nini? Nakala moja ya kila mmea wetu ikae Lindi. Ndilo ninaloomba.

Mzee wa Mingoyo: Kumbe hata Berlin huungua.

Mkorosho wa Newala: Mimi ni mkulima. Mwaka 2013 watafiti walichukua majani ya viazi yaliyokaushwa tangu enzi za njaa ya Ayalandi, wakatoa humo vinasaba vya ugonjwa ulioleta ile njaa. Korosho zetu zinanyauka. Kama kuna mtu angebana majani yenye ugonjwa tangu siku za mwanzo, watafiti wa kilimo wa Naliendele wangekuwa na pa kuanzia. Picha ya simu haina vinasaba.

Mkazi wa Ng'apa: Haya, hilo la korosho limeniingia. Ila wadudu je?

Mwalimu wa Baiolojia, Masasi: Karatasi zinafungwa kwenye nailoni, zinakaa kwenye friza siku kadhaa, wadudu wanakufa. Friza la samaki linatosha kuanzia.

Mwanafunzi, Mtwara: Naomba niseme na mimi. Tuliambiwa tubane mimea kumi kwenye magazeti. Nikabana ming'oko, vile viazi vya porini, majani matupu. Mwalimu akanirudishia: maua yako wapi, umechuma wapi, lini, kwenye udongo gani, wenyeji wanaitaje? Nikangoja mpaka yachanue, nikaenda na bibi. Bibi akanionyesha aina tatu, mimi miaka yote nilikuwa naona moja. Ile karatasi ninayo hadi leo, na jina la bibi nimeliandika pale chini.

Mrondo: Mdogo wangu, hiyo usiitupe. Ikipatikana kabati, iwe ya kwanza kuingia.

Mkazi wa Ng'apa: Sawa, na kabati litanunuliwa na nani?

Mjukuu wa Tendaguru: Kabati baadaye. Radhi ya lile neno bado sijaisikia.